Spika za Marehemu Mutembei

Najibu Hamidi hakuwa mwizi. Jambo hili alilieleza mwenyewe mara nyingi, kwa upole, kwa watu waliofika kwenye kibanda chake cha kutengenezea redio karibu na soko la Bukoba wakiwa wamebeba redio zao na hasira zao. Mwizi, alisema, huchukua kitu kizima. Yeye redio aliirudisha, tena imefutwa vumbi. Kama iliingia na spika ya maana ikatoka na spika isiyojua ilikozaliwa, hayo yalikuwa mambo ya ndani, na mambo ya ndani ya redio, kama yale ya ndoa, si ya kila mtu kuchungulia.

Vitu vilivyobaki kwake havikupotea. Vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kila kimoja kimeviringishwa kwa kipande cha kanga ya mkewe, Safina, ambaye alishaacha kuuliza kanga zake zinakwenda wapi. Najibu hakuviuza. Hapo ndipo palipokuwa na aibu yake, maana mjanja anayejiheshimu huuza. Yeye alivipenda. Siku ambazo biashara ililala alivuta sanduku, akafungua kanga moja moja, akazitazama zile spika za zamani na sumaku zao nzito, na moyo wake ukatulia.

Basi asubuhi moja pikapu nyeupe ilisimama mbele ya kibanda, na akashuka Bwana Rugaibula, mstaafu wa Nyanga, mtu wa kofia na fimbo ambaye miguu yake haikuhitaji fimbo.

"Najibu," alisema, "nimechoka na sabufa. Sabufa inapiga tumbo. Mimi nataka kitu cha kupiga sikio. Zile spika za zamani za mbao, zilizosimama kama kabati. Real loudspeakers."

"Hizo zimekwisha duniani, mzee."

"Hazijaisha. Zipo Izigo, kwa marehemu Mutembei, yule aliyekuwa baharia wa meli za ziwani. Alizipata kwa Mhindi aliyekuwa anahama. Nimemtumia mjane wake watu, nimemtumia sukari, nimemtumia salamu za askofu ambazo askofu mwenyewe hazijui. Hauzi." Akapiga boneti ya pikapu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyekubali kumuuza. "Atakayeniletea zile spika zikiwa zinaimba, ataondoka na hii. Zikiwa zinaimba, Najibu. Sitaki majeneza."

Najibu alitazama pikapu. Maisha yake yote alikuwa amepanda magari ya watu wengine, akashushwa pale walipotaka wao. Alijiona ameegemeza kiwiko dirishani, anapita mbele ya wateja wake wa zamani bila kuwaona. Alikwisha kuipenda kabla Rugaibula hajawasha gari kuondoka.

Mchana, juu ya sahani ya wali, alimweleza Safina mpango wake.

"Marehemu baba alikuwa mpagazi bandarini. Mutembei alikuwa baharia. Watu wawili wa namna hiyo watakosaje kuwa na omukago?"

Safina, ambaye mama yake ni Mhaya, aliacha kutafuna. Omukago ni kiapo cha udugu cha zamani. Wanaume wawili wanachanjana tumboni, wanapasua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, na kila mmoja anameza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Tangu hapo hawanyimani kitu, wao wala watoto wao, awe Mhaya au mgeni, Mkristo au Mwislamu.

"Hicho si kitu cha kuchezea," alisema Safina. "Anayemnyima mwenzake anavimba tumbo. Bibi alimwona mtu."

"Mke wangu, mimi siendi kunyima. Naenda kuomba."

Babu yake Najibu alitokea Pwani, na ingawa mjukuu alizaliwa Bukoba na kukulia Bukoba, desturi za wenyeji alizisikia kama alivyosikia mambo yote: nusu, ile nusu yenye faida.

Nyumba ya marehemu ilikaa katikati ya migomba na mibuni, bati lake limepakwa rangi nyekundu. Mjane, Mama Agnetha, alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye macho ya mtu anayesikiliza misa huku akijua padri ataishia wapi. Alimkaribisha Najibu sebuleni, akamletea kahawa za kutafuna kwenye kipande cha jani la mgomba, kama anavyopewa mgeni yeyote.

Na pale ukutani, chini ya picha ya marehemu, zilisimama spika. Kila moja ilimfika Najibu mapajani. Mbao zake zilikuwa za rangi ya asali iliyokomaa. Juu ya moja palitandikwa kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki, juu ya nyingine kitambaa cha kufuma na Mtakatifu Yosefu. Najibu alimeza mate pamoja na kahawa.

"Mama," alianza, akishusha sauti mpaka pale anapoishusha wateja wanapodai, "mimi ni mtoto wa Hamidi wa bandarini. Baba kabla hajafariki alinishika mkono akaniambia, mwanangu, nina ndugu Izigo. Tulikula omukago, mimi na Mutembei."

Mama Agnetha alimtazama. "Omukago?"

"Ndiyo, mama."

"Waitu," alimaka kwa Kihaya. "Walichanjana wapi?"

"Nyuma ya ghala, bandarini."

"Nauliza, tumboni?"

"Tumboni, mama, kama desturi inavyotaka."

"Na damu ikatoka?"

"Nyingi," alisema Najibu, ambaye hakuwahi kuona sababu ya kuwa bahili wa maneno. "Baba alisema Mzee Mutembei hakupepesa hata jicho. Aliitazama inachuruzika, akacheka."

Mama Agnetha akavuta kanga akajifunika uso wote. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu. Najibu aliinamisha kichwa kwa heshima, akijua kwamba hapo pikapu ilikuwa imeshapiga honi. Kumliza mjane hakukumfurahisha sana, lakini kazi ni kazi.

"Basi omba, mwanangu," alisema mama hatimaye, macho yamelowa. "Mtoto wa omukago hanyimwi."

"Sina tamaa, mama. Naomba zile spika tu, ziwe kumbukumbu ya wazee wetu."

"Ni zako."

Najibu alikuwa ameandaa uongo wa aina nyingine kama tatu hivi, mmojawapo mzuri kabisa wenye meli kuzama, na karibu aone uchungu kurudi nao mjini haujatumika. Lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Ila ni mabubu," alisema. "Wakati wa matanga watu walitoa vyombo vyote nje, mvua ikanyesha, wakazirudisha wanavyojua wao. Tangu siku hiyo moja inakohoa, nyingine imenyamaza. Mume wangu alizipiga kila Jumapili baada ya misa. Huu ni mwaka mzima sijasikia Jumapili. Nakuomba uzitengenezee hapa hapa, nizisikie mara moja kabla hazijaondoka."

"Hilo tu, mama?" alisema Najibu, na akakubali bila kufikiri. Rugaibula alitaka zinazoimba, na kuzibeba mbovu kwenye barabara ile kungezimaliza.

Alipofungua ile iliyonyamaza, alikuta senene, wale panzi wa msimu wanaoliwa huko. Si mmoja wala wawili. Msimu uliopita walikuwa wameingia kwa tundu la nyuma, wakafia humo, na sasa walibaki mabawa na miguu imekaukiana kwenye koili. Ile nyingine ukingo wa sponji ulikuwa umeoza ukimomonyoka kwa kidole. Fundi mwingine angezitia spika za Kichina, akafunga skrubu, akaenda zake. Najibu mwenyewe angefanya hivyo, kama zingekuwa za mteja. Lakini hizi zilikuwa zake.

Akarudi Bukoba, akavuta sanduku la bati. Safina alimwona akifungua kanga moja baada ya nyingine, akichagua, akirudisha, akichagua tena, mpaka akazitoa zile mbili alizozipenda kuliko zote, pacha, sauti yake haijawahi kusikika nje ya chumba kile.

"Hizo si ulisema utazikwa nazo?" aliuliza Safina.

"Zinapanda pikapu," alisema Najibu.

Alifanya kazi Izigo wiki ile yote, na kila mchana Mama Agnetha alimpa ndizi na maharage, kisha akasema ongeza, na alipoongeza akasema mbona hujala. Kazi ilipokwisha walibishana mahali pa kuziweka. Mama alizitaka pale pale chini ya picha, na vitambaa vyake.

"Mama, kitambaa kwenye spika ni blanketi mdomoni mwa mwimbaji. Na ukutani hapa zinabana besi, inageuka ngurumo." Akamteremsha Mtakatifu Yosefu kwa adabu zote. Akazitoa ukutani, akazipandisha juu ya vistuli viwili ili twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zifike usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Akaziachanisha, akasikiliza, akazisogeza, akazigeuza kidogo zitazamane na kiti cha mbao kilichokuwa cha marehemu. Akagundua kwamba waliozirudisha baada ya matanga walikuwa wamegeuza nyaya za moja, chanya kwenye hasi, hivyo wakati hii inasukuma ile inavuta, na sauti inafia katikati. Akazirekebisha. Wakati huo pikapu ilikuwa imemtoka kabisa akilini. Alikuwa anapiga magoti kwenye sakafu ya watu, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayechora.

Akakunja mkeka uliokuwa unamzuia, na chini yake, kwenye sakafu nyekundu ya saruji, akaona alama za vistuli. Zilikuwa za zamani, zimefifia. Vistuli vyake vilikuwa vimesimama karibu juu yake kabisa.

"Ndipo alipokuwa anaziweka," alisema Mama Agnetha kutoka mlangoni. Kisha akatoka nje haraka. Najibu alidhani ameenda kuangalia kuku.

Jumapili baada ya misa sebule ilijaa. Alikuwepo Mzee Kahigi, mkubwa wa ukoo, pamoja na dada yake marehemu, Joviana, na majirani waliokaa hadi kwenye ngazi. Alikuwepo pia Bwana Rugaibula, aliyekuja na pikapu baada ya Najibu kumpigia simu, ameketi kona na kofia yake magotini kama mtu asiyejuana na mtu. Kwanza walikula. Mama Agnetha alimhudumia Najibu kwa mkono wake, ndizi, maharage, samaki, senene wa kukaanga, kisha olubisi, ile juisi ya ndizi, kibuyu kizima. Kila alipofunika sahani kwa kiganja, mama alisema, "Nakuomba, mwanangu," na sahani ikajaa.

Halafu Najibu akaweka santuri ya bendi ya zamani kwenye mashine ya marehemu, akashusha sindano.

Gitaa lilianza kushoto, kavu na la karibu, kama mtu amekaa kwenye ngazi pamoja na majirani. Tarumbeta zikajibu kulia. Kisha mwimbaji akaingia, na hakuingia kwenye spika hii wala ile. Alisimama katikati, hewani, mahali ambapo hapakuwa na kitu, usawa wa kiti cha marehemu, akavuta pumzi kabla ya neno la kwanza na watu wote wakaisikia ile pumzi. Joviana akajishika mdomo. Mama Agnetha alifumba macho. Najibu alikuwa amesikia redio nyingi maishani mwake, na nyingi alikuwa ameziharibu mwenyewe, lakini hakuwahi kusikia hivi, na alifurahi mpaka akataka kulia.

Santuri ilipokwisha, Rugaibula alikohoa kwenye kona. Najibu akakumbuka yeye ni nani.

"Basi mama," alisema, "mbele ya wazee, naomba nichukue zangu."

"Chukua," alisema Mama Agnetha. "Nani amnyime mtoto wa omukago?" Watu wakaitikia. Najibu akainama kushika ya kwanza. "Na mimi pia nina ombi dogo," aliendelea mama. "Naomba spika."

Najibu akabaki ameinama. "Spika zipi, mama?"

"Hizo. Zako. Naziomba."

Kicheko kidogo kilipita kwenye ngazi. Najibu alimgeukia Mzee Kahigi kwa msaada.

"Ndivyo omukago ulivyo," alisema mzee, akizungusha kahawa mdomoni. "Huombi upande mmoja. Yeye hakunyimi, nawe humnyimi."

Lakini mjanja hashindwi kwa goli moja. "Nimekupa, mama," alisema Najibu, akanyanyuka, akatabasamu. "Na sasa naomba unipe tena."

"Nimekupa. Naomba."

"Nimekupa. Naomba."

"Nimekupa. Naomba."

Ilikwenda hivyo kwa muda. Wale wa kwenye ngazi walianza kugeuza vichwa kushoto na kulia kwa pamoja. Mtu mmoja aliahidi kushangilia upande wa mama. Hatimaye Mama Agnetha akavuta kigoda akakaa.

"Mwanangu, mimi ni mjane, sina pa kwenda. Tunaweza kuombana mpaka msimu wa senene. Ukichoka utanyima tu. Na anayenyima, Kahigi, mwambie."

"Tumbo," alisema Mzee Kahigi.

Najibu akashika tumbo lake. Lilikuwa gumu kama ngoma. Mkanda alishaufungua kitambo, na bado shati lilivuta vifungo, na ndani humo kitu kilinguruma, kikasogea, kikanguruma tena upande wa pili. Akamkumbuka bibi yake Safina, na yule mtu aliyemwona. Jasho likamtoka.

"Nimekupa, mama," alisema kwa sauti ndogo, akanyamaza hapo.

Watu wakapiga makofi. Kwenye kona Rugaibula akavaa kofia yake, akasimama.

"Dada," alimwambia Mama Agnetha, "tumemaliza? Niwashe gari?"

Najibu alimtazama Rugaibula, kisha akamtazama mama, akaona kwa mara ya kwanza kwamba walikuwa na pua moja. "Dada?" alisema.

"Wa tumbo moja," alisema Rugaibula. "Pole, my friend."

"Kaa, mwanangu," alisema Mama Agnetha. "Fundi wa spika hizi ni mmoja tu huku kwetu, na huyo fundi kila mtu anamjua. Ningekuita kama fundi, zingeimba siku mbili, na matumbo yake yangekuwa chini ya kitanda chako. Nikamwambia kaka yangu, huyu anatengeneza vizuri kitu chake tu. Basi tumfanye aone ni zake. Jinsi ya kuzipata tulikuachia mwenyewe uitafute. Sikujua utakuja na omukago."

"Kwa hiyo siku ile ulijua?"

"Mume wangu alikuwa anaona damu anaanguka. Kuku akichinjwa yeye yuko nyuma ya migomba, ameziba macho. Nilipojifungua alilazwa kitanda cha pili." Mabega yakaanza tena kutikisika, na safari hii hakujifunika. "Ati aliitazama inachuruzika, akacheka."

Joviana alicheka mpaka akashika ukuta. Najibu alitazama sakafu. Aliona aibu, aibu ya kweli, na zaidi aliziona zile pacha zake nyuma ya kitambaa cha spika, salama, mahali ambapo hatazitoa kamwe.

Mzee Kahigi aligonga sakafu kwa bakora. "Kijana amesema uongo mkubwa mbele ya marehemu. Tunaweza kumpeleka kwa mwenyekiti. Au tunaweza kuufanya uwe kweli, uishe. Leteni kahawa. Kuchanjana hakuna haja, damu tumeshaambiwa ilitoka nyingi."

Mama Agnetha akapasua tunda la kahawa kwa meno, akatoa punje mbili. Moja akaimeza, nyingine akaiweka kwenye kiganja cha Najibu. Najibu akaimeza, na kwa kuwa tumbo halikuwa na nafasi, ilishuka kwa shida.

"Sasa omba," alisema mama. "Ombi la kwanza la kweli."

Wote wakatazama dirishani, kwenye pikapu nyeupe. Rugaibula aliharakisha kuziweka funguo mfukoni. Najibu naye aliitazama, kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Naomba kile kiti," alisema. "Mpaka upande wa pili wa santuri uishe."

Hakuna aliyecheka. Mama Agnetha akakifuta kile kiti kwa upindo wa kanga, kiti ambacho tangu matanga hakikukaliwa na mtu, na Najibu akakaa, katikati, pale sauti zinapokutana. Alirudi Bukoba nyuma ya pikapu, amekumbatia mkungu wa ndizi, na aliposhushwa alishushwa pale walipotaka wao.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua mlango wa kibanda vizuri, alimkuta mwanamke amekaa nje na redio mapajani.

"Natoka Izigo," alisema. "Mama yako anaomba unitengenezee hii."

Nyuma yake alikuwepo mwingine wa Izigo, na mwingine mwenye redio kaseti kwenye gunia. Najibu aliipokea ya kwanza, akaifungua, na ndani akaona spika ya zamani, ndogo, safi, yenye sumaku nzito. Mkono ulikwenda wenyewe. Akaichomoa nusu, akatazama huku na huku, na tumbo likanguruma.

Akairudisha, akakaza skrubu zote nne.